Kilo Tatu na Gramu Mia Tatu Hamsini

Saa mbili na robo asubuhi, Gramu alikuwa anapima gunia la kumi na saba la maharage, na gunia hilo halikutaka kueleweka. Yale kumi na sita ya kwanza yalikuwa na kilo tisini kila moja, ikizidi au kupungua ni kiganja cha maharage. Hili lilirusha mkono wa mizani juu ukagonga chuma. Akasogeza jiwe kubwa hadi mia, hadi mia na ishirini, hadi mia na arobaini, akamalizia na jiwe dogo, ndipo mkono ukatulia katikati: kilo mia moja arobaini na nane na gramu mia mbili. Akazunguka nyuma ya gunia. Mbeba Mizigo alikuwa ameweka simu yake kwenye kona ya sahani ya mizani ili mikono iwe huru, na ndani ya simu mama yake mzazi alikuwa anamsalimia kutoka nyumbani, video ya jana yake jioni.

"Mtoe mama yako kwenye mizani," Gramu akasema. "Napima maharage."

Mbeba Mizigo akaitoa simu. Gunia likarudi kilo tisini. Gramu akalisoma kwa sauti, karani akaandika, gunia likashushwa. Halafu, kwa kuwa yeye si mwanamke wa kuacha kitu nusunusu, akaiomba ile simu, akaiweka peke yake katikati ya sahani, akatoa gramu mia mbili za simu kama anavyotoa uzito wa gunia tupu, akasoma: "Hamsini na nane kamili. Mama yako ana kilo hamsini na nane?"

"Amepungua," akasema Mbeba Mizigo. "Alikuwa na sitini na mbili."

"Mwambie ale. Leta la kumi na nane."

Mambo yalianza hivyo, na ghalani hakuna aliyeacha kazi kwa ajili yake. Wakati wa chai ndipo karani alipoleta video ya simba anayezunguka sokoni, ambayo ilikuwa imewafanya watu wafunge milango wiki nzima. Simba alizunguka juu ya sahani, akanguruma, akapanda juu ya meza ya muuza nyanya, na mkono wa mizani haukucheza. Sifuri. Karani akaleta video ya mbwa wa jirani anayekimbiza mkia wake. Kilo kumi na nne. Wakaelewana kwamba mizani ile sasa inampima na aliye ndani ya video, kama kweli alikuwepo, wakamaliza chai yao.

Gramu hakuitwa Gramu kwa mapenzi. Alipewa jina hilo na wafanyabiashara wa nafaka ambao kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amewanyima hata nusu kilo ya upendeleo. Hata mama mkwe wake alipoleta mtama alisubiri kwenye foleni, akapimiwa, akatolewa uzito wa gunia, akanuna mwaka mzima. Kanuni ya ghala ilikuwa moja tu: anayepima hurudi nyuma hatua tatu, kila mtu aone mikono yake, kisha husoma kwa sauti, na kinachosomwa kwa sauti ndicho kinachoandikwa. Gramu hakuwahi kusoma kingine zaidi ya alichokiona. Mtu anaweza kusema hilo ni jambo dogo. Ajaribu yeye miaka ishirini na miwili, huku akiwa na wakwe.

Wengine walijaribu mizani zao. Mwenye kinu cha unga aliweka simu yake kwenye mizani yake mchana kutwa akaambulia uzito wa simu. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Kidole cha mwenye kinu, jinsi kilivyozoea kukandamiza mizani, kilijulikana.

Ikabidi iwekwe siku ya video, Alhamisi alasiri, nafaka ikishamalizika. Watu walipanga foleni kutoka mlango wa ghala mpaka kwa mshona viatu. Gramu alibandika karatasi ukutani: watu wasizidi watatu, ng'ombe mmoja tu, harusi hatupimi. Kanuni ya harusi ilikuja baada ya mtu kuleta video ya kweli ya harusi ya watu mia nne, ambayo nusura ing'oe mizani sakafuni. Alikuja mama na video ya mganga anayefufua maiti. Mganga alikuwa na kilo themanini na moja, na maiti sitini na nne. Gramu akamweleza kwamba wote wawili walikuwepo, na kwamba aliyelala alikuwa na uzito wa mtu aliyekula vizuri asubuhi hiyo. Alikuja kinyozi na mchumba wake wa kwenye simu, msichana mrembo aliyemtumia busu kila asubuhi kwa miezi mitano. Sifuri. Kinyozi akamtazama mchumba, akaitazama mizani.

"Ni mwembamba," akasema, akachukua simu yake akaondoka.

"Mizani inakwambia kama mtu alikuwepo," Gramu alikuwa akiwaeleza kila wiki, mpaka sauti ikamkauka. "Haikwambii kama anasema kweli. Mwongo naye ana kilo zake."

Mkaguzi wa vipimo alikuja na sanduku lake la mawe ya shaba. Akapima jiwe la kilo moja, la tano, la ishirini, akakuta mizani haina kosa. Akapima video ya mwanawe anayeogelea, akakuta kilo thelathini na moja, ambazo alizithibitisha kutoka kwenye kadi ya hospitali. Akatafuta kwenye kitabu chake cha kanuni, akaona hakuna panapokataza. Akagonga muhuri, akabandika lakiri mpya ya risasi, akaenda kukagua mizani ya mwenye kinu.

Basi ilikuwa kwenye mwezi wa tatu wa mambo haya, siku ya Jumanne, ndipo ilipotoka video ya Mkunga.

Mkunga huyu alikuwa wifi yake Gramu, mke wa mdogo wake, fundi baiskeli. Alikuwa mkunga wa kituo cha afya kwa miaka kumi na tisa, na nusu ya watoto waliokuwa wakipiga kelele mitaani walipigia kelele yao ya kwanza mikononi mwake. Video ilikuwa ya sekunde arobaini. Ilimwonyesha Mkunga ndani ya wodi, na gauni lake la kijani, amesimama juu ya mwanamke mwenye uchungu. Mwanamke analia. Mkunga anamwambia, "Ulipokuwa unaitafuta hii mimba uliniita?" Kisha anainua mkono, anampiga kofi la uso, kofi lenye mlio. Mwishoni mtoto mchanga anaonekana kwenye kitambaa cheupe, analia peke yake. Mwanamke yule hakuna aliyemjua, na kila mtu alimlilia kama dada yake.

Kufikia jioni ilikuwa kwenye kila simu. Lisemwalo lipo, watu waliambiana. Kufikia Alhamisi watu mia nne na kumi na wawili walikuwa wameandika malalamiko na kutia saini. Ijumaa Mkunga akapewa barua ya kusimamishwa kazi, akaambiwa asubiri kikao cha kamati.

Na Alhamisi ile foleni ilikuwepo kama kawaida. Watu walipima simba wao, wachumba wao, wachungaji wao. Hakuna hata mmoja aliyeleta video ya Mkunga. Watu hupima wanachokitilia shaka, na hii haikutiliwa shaka.

Gramu mwenyewe hakuipima. Lazima isemwe, kwa sababu yeye baadaye aliisema mwenyewe, tena kwa sauti. Aliitazama mara tatu akiwa ameegemea mizani, kiwiko kwenye chuma chenyewe, na ilipokwisha alisema moyoni, nilijua. Maana alikuwa na kinyongo cha miaka kumi na mitatu. Alipokuwa anajifungua mwanawe wa pili, akipiga mayowe ya kusikika barabarani, wifi yake alikuwa amemwinamia akamwambia, "Punguza kelele, wifi. Mtoto hatoki kwa mdomo." Wauguzi wote walicheka. Gramu hakucheka wakati ule, na alikuwa hajacheka mpaka leo. Mwanamke anayeweza kusema vile, alifikiri, kofi ni hatua moja tu mbele.

Mdogo wake alikuja Jumapili, mikono bado ina grisi.

"Dada, mpime."

"Aje."

"Hataki. Anasema hakuombi umpime, umekuwa ukimpima tangu siku ya harusi."

Gramu alijua ni kweli. Akamtengea mdogo wake chakula, wakala. Alipoondoka, Gramu alibaki na aibu ndogo, akaifukuza, ikarudi.

Alhamisi iliyofuata, Mkunga akaja. Hakupitia mlango wa nyuma kama ndugu. Alisimama kwenye foleni, nyuma ya mtu mwenye video ya nyoka wa vichwa viwili, na waliokuwa nyuma yake walirudi hatua, wakaacha nafasi ya kupita toroli. Alikaa kwenye nafasi hiyo saa nzima, mkoba begani, shingo imesimama. Kama kuna ushujaa wa kupanda juu ya paa linalowaka, upo na huu wa kusimama kwenye foleni ya watu waliokutukana, ukingoja zamu yako.

"Kwanza nipime mimi," alisema alipofika. "Ili ujue unatafuta nini."

Akavua viatu, akapanda. Kilo sabini na moja. Gramu akasoma kwa sauti, karani akaandika. Mkunga akashuka, akavaa viatu, akaweka simu kwenye sahani, akabonyeza.

Gramu akarudi nyuma hatua tatu. Ndani yake, Mungu amsamehe, kulikuwa na mtu mdogo aliyetaka mkono uruke juu. Mawe aliyaacha kwenye sabini na moja. Mkono ukabaki chini. Akapunguza hadi hamsini. Chini. Thelathini. Kumi. Kofi likalia, watu wakashtuka kama siku ya kwanza, mkono wa chuma haukujali. Kusema ukweli, Gramu alivunjika moyo kidogo. Kisha aibu ile ikarudi yote kwa pamoja, akaona jinsi alivyokaa siku tisa na dawa mkononi asimpe mgonjwa kwa sababu mgonjwa aliwahi kumcheka.

Lakini haikuwa sifuri. Mwishoni mwa video mkono uliinuka, taratibu. Gramu akafuta sahani kwa kitambaa. Akamwambia Mbeba Mizigo asogee mbali. Akatoa uzito wa simu upya. Akapima mara ya pili, mara ya tatu. Mwanamke anayelia hakuwepo. Mkunga hakuwepo. Kulikuwa na kitu kimoja tu mle ndani kilichowahi kupumua.

"Kilo tatu," akasoma, "na gramu mia tatu hamsini."

Mkunga akafumba macho. Watu wengine hukumbuka nyuso, wengine majina. Yeye kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiwaweka watoto kwenye mizani ya wodi kabla hawajapewa jina lolote, na huko ndiko alikowahifadhi.

"Tatu na mia tatu hamsini," akasema. "Jumatano, mvua inanyesha. Kamba ya kitovu imezunguka shingo mara mbili. Tuliomba maji kwa ndoo, yakachelewa, nikanawa kwa maji yangu ya kunywa. Ni mtoto wa binti yake Msimamizi. Babu yake aliingia na simu akamchukua video."

"Una hakika?"

"Wewe unasahau gunia?"

"Sijawahi."

"Basi."

Foleni yote ilisikia. Msimamizi wa kituo cha afya alijulikana, na barua pia ilijulikana: mwezi uliopita Mkunga alikuwa ameiandikia ofisi ya juu kwamba wodi ya wazazi haina maji ya bomba mwezi wa saba sasa, na kwamba bomba jipya lililoletwa kwa ajili ya wodi linaonekana kwenye bustani ya nyumba ya Msimamizi. Watu wakaunganisha moja na moja bila shida. Hakuna aliyepiga kelele. Mtu mwenye nyoka wa vichwa viwili akauliza kama sasa ni zamu yake.

"Wifi," Gramu akasema, akafika mpaka alipo Mkunga, akasema kwa ile sauti yake ya kusomea magunia ili kila mtu asikie. "Video hii ilikuwa kwenye simu yangu siku tisa. Mizani ilikuwa yangu. Sikupima. Niliamini kwa sababu nilipenda kuamini."

Mkunga akachukua simu yake kwenye sahani.

"Angalau umesema bila mayowe," akajibu, na Gramu, miaka kumi na mitatu baadaye, akacheka.

Siku ya kikao, Jumatatu, mizani ilifungwa kamba kwenye mkokoteni wa Mbeba Mizigo ikapelekwa kituo cha afya, Gramu akitembea upande mmoja na mkaguzi wa vipimo upande mwingine, kama watu wanaosindikiza bibi harusi. Iliwekwa katikati ya chumba cha mikutano. Wajumbe walikuwa watano. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu, mtu mpole. Katibu, kwa mujibu wa kanuni, alikuwa Msimamizi mwenyewe, na ndiye aliyekuwa akiandika muhtasari kwa mwandiko mzuri sana.

Video ikapimwa. Gramu akasoma: tatu na mia tatu hamsini. Daftari la wodi likafunguliwa. Mtoto alikuwemo, siku ilikuwemo, uzito ulikuwemo.

"Ni mjukuu wangu," Msimamizi akasema, akaandika kwamba ni mjukuu wake. "Anaendelea vizuri. Ameota meno mawili."

"Hongera," akasema Mwenyekiti. "Kwa hiyo kamati imeridhika kwamba tukio hili halikutokea."

"Imeridhika," wakasema wajumbe.

"Na kwamba aliyelitengeneza alitumia video ya simu ya Katibu."

"Simu yangu hupita mikono mingi," akasema Msimamizi, akaandika na hilo.

Mdogo wake Gramu, aliyekaa ukutani karibu na mkewe, akashusha pumzi. Mkunga hakushusha. Aliuliza kuhusu bomba. Mwenyekiti akapekua karatasi zake kwa dhati kabisa, akasema bomba halimo kwenye ajenda, lakini anaweza kuandika barua. Mkunga akasema aliandika, na ndiyo sababu wapo hapa. Mwenyekiti akasema anamwelewa.

Hapo Msimamizi akaomba jambo moja, kwa heshima. Akaomba faili la malalamiko lipimwe pia. Sheria ni msumeno, akasema, hukata mbele na nyuma.

Faili likawekwa juu ya sahani: malalamiko mia nne na kumi na mawili, yaliyoandikwa kwa mkono, mengine kurasa tatu, mengine yenye alama za machozi kwenye wino. Gramu akarudi nyuma hatua tatu. Aliona jinsi jambo linavyokwenda, aliliona lote kabla halijafika. Mdogo wake alikuwa anamtazama kwa macho ya utotoni, yale ya kuomba amfichie kosa kwa mama. Gramu hakuhitaji hata kugusa. Ilitosha aseme "sifuri". Kinachosomwa kwa sauti ndicho kinachoandikwa, na katika chumba kile hakuna aliyekuwa na macho ya kusoma mkono wa chuma kwa mbali isipokuwa yeye na mkaguzi, na mkaguzi alikuwa anatazama dirishani, kwa makusudi, mtu mwema yule.

Akamtazama Mkunga. Mkunga akatikisa kichwa, kidogo sana. Usithubutu, kichwa kile kilisema.

"Kilo mbili," Gramu akasoma, "na gramu mia sita." Kisha akaongeza, "Mmepima karatasi."

"Karatasi si za kweli?" Msimamizi akauliza.

"Ni za kweli."

"Na walioandika walikuwepo?"

"Walikuwepo."

Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaeleza, kwa huzuni isiyokuwa ya kuigiza, kwamba video ni hewa tupu na Mkunga hana kosa lolote, hilo liandikwe. Lakini hasira ya wananchi ipo, imepimwa mbele ya mkaguzi, na kituo cha afya hakiwezi kumrudisha wodini mtu ambaye wananchi mia nne na kumi na wawili wanamwogopa. Kamati ikapitisha. Kamati ikampongeza pia mpimaji kwa uaminifu wake, ikaagiza kwamba kuanzia sasa ushahidi wote wa video upimwe ghalani, kwa fomu maalumu.

Njiani kurudi, Gramu alisukuma mkokoteni pamoja na Mbeba Mizigo ingawa haikuwa kazi yake. "Ningeweza kusema sifuri," akamwambia Mkunga.

"Ungesema, kesho nani angeamini ile ya kwanza?"

"Hata hivyo haikukusaidia."

"Haikunisaidia," akakubali Mkunga. "Lakini ni kweli, wifi. Nataka angalau mahali pamoja pabaki pa kweli."

Gramu hakuwa amewahi kumpenda mtu kwa ghafla hivyo, hata mumewe.

Video haikufutika. Iliendelea kuzunguka, na chini yake watu waliandika "imeshapimwa, haina uzito," kisha wakaisambaza tena. Wodini akaletwa mkunga mwingine kutoka mbali, msichana mpole, akakuta maji bado ni ya ndoo. Mkunga akaanza kuja ghalani kushona midomo ya magunia, kwa sababu nyumbani alikuwa anahesabu vigae vya paa. Alishona kwa sindano ndefu na kamba ya katani, mishono saba kwa gunia, yote sawa, na vifundo ambavyo havikufumuka hata gunia likirushwa kutoka juu ya lori. Wafanyabiashara walianza kuagiza magunia yake. Gramu alikuwa akipita nyuma yake akijifanya anaangalia kitu kingine, ili tu atazame ile mikono.

Mwanamke mmoja alikuja siku moja ya Jumanne, kwenye saa sita mchana, juu ya kiti cha nyuma cha baiskeli ya mumewe. Alikuwa mke wa mshona viatu wa pale mbele. Alikuwa amefika kituo cha afya, akakuta wanawake wanne mbele ya ndoo moja, akamwambia mumewe ageuze. Chupa yake ya uzazi ilikuwa imeshapasuka. Mkunga aliweka sindano chini, akanawa mikono mpaka viwiko kwenye bomba la ghala, ambalo lilikuwa na maji mengi tu, akaamuru magunia matupu yatandikwe nyuma ya rundo la mahindi, turubai lifungwe, na wanaume wote wakapunge hewa barabarani.

"Mimi ni mmoja wa wale mia nne," mwanamke akasema, kati ya uchungu mmoja na mwingine. Alikuwa ameshika kifundo cha mkono wa Gramu kwa nguvu. "Niliandika kurasa mbili. Nililia."

"Pumua," Mkunga akasema.

"Halafu siku ya mizani nilikuwa hapa. Nilikuwa nyuma yako. Niliona kwa macho yangu. Hukuwa wewe."

"Najua. Pumua."

"Naamini hukuwa wewe. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Sasa usisukume, bado. Nitakwambia."

Ilikuwa joto chini ya turubai, na vumbi la mahindi limejaa hewani. Jasho lilikuwa linamwingia mwanamke machoni, anapepesa, haoni. Mkunga akachukua kitambaa safi, akainua mkono amfute.

Mwanamke akajikunja, akaziba uso kwa mikono yote miwili.

Nje mtu alikuwa anacheka na Mbeba Mizigo.

"Samahani," mwanamke akasema nyuma ya viganja vyake, akilia sasa. "Ni mwili tu. Mimi naamini, wallahi naamini, ni huu mwili tu."

Mkunga alikuwa bado ameinua mkono. Akaushusha taratibu, kama mtu anayemshusha mtoto aliyelala, akampa Gramu kitambaa.

"Wifi," akasema, "mfute jasho wewe."

Gramu akamfuta, paji la uso, macho, shingo. Mkunga akazunguka akapiga magoti upande wa pili, akasema sukuma, akasema pumzika, akasema vizuri mama, vizuri sana, kwa sauti ambayo Gramu angetoa dhahabu aisikie siku ile aliyojifungua mwenyewe. Na kuanzia hapo mpaka mtoto alipotoka, alifanya kazi yake yote mikono ikiwa chini, mahali ambapo mwanamke yule asingeweza kuiona.